Picha Haijui Kusema "Isipokuwa"

Kila wiki katika msimu wa korosho, kuanzia mwezi Oktoba, hubandika karatasi mbili au tatu kwenye ubao ulio nje ya ghala la chama chetu cha msingi, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Tandahimba. Karatasi hizo ni muhtasari wa mambo niliyoyasoma mtandaoni kwa niaba ya wanachama: matokeo ya mnada uliopita, taarifa za hali ya hewa, ushauri wa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kuhusu magonjwa ya mikorosho, na nyaraka ambazo lugha yake ni ngumu kubangua kuliko korosho yenyewe. Msimu mmoja niliamua kuachana na maandishi. Nilichora chati ya nguzo kwa rangi, nikaichapisha mjini, nikaibandika kwa fahari. Mzee wa kwanza kufika aliitikia shikamoo yangu, akaitazama chati kwa muda mrefu mikono ikiwa nyuma, kisha akauliza: "Mwalimu, hiki kidole kirefu ndiyo bei ya juu, au ndiyo kilo nyingi?"

Sikuwa nimeandika. Nguzo zilikuwepo, rangi zilikuwepo, hata tarehe ya mnada ilikuwepo, lakini kile ambacho nguzo zinapima nilikuwa nimekiacha kichwani mwangu, kwa kuwa kwangu kilikuwa wazi. Tangu siku hiyo nimelifikiria suala hili kuliko nilivyodhani linastahili: mtu anapotaka kufupisha jambo refu lililoko mtandaoni ili wenzake walielewe haraka, ni lini afupishe kwa picha, yaani chati, ramani, mchoro au picha ya kamera, na ni lini afupishe kwa maneno?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba inategemea msomaji, kwa sababu wako watu "wa kuona" na wako watu "wa kusoma". Jibu hili lina adabu, lakini halina msingi imara. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu hiyo inayoitwa mitindo ya kujifunza, wakahitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuthibitisha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapofundishwa kwa mtindo anaodai kuwa ni wake. Watu wana mapendeleo, hilo halina ubishi. Mimi mwenyewe napenda ramani. Lakini pendeleo langu la ramani haliwezi kuigeuza orodha ya masharti ya malipo ikawa jambo la kuchorwa. Uchaguzi umejificha ndani ya jambo lenyewe, na ndani ya swali ambalo msomaji atakuja nalo mbele ya ubao.

Hoja iliyonisaidia zaidi ni ya Jill Larkin na Herbert Simon, watafiti wa Marekani walioandika mwaka 1987 kwamba mchoro na maandishi vinaweza kubeba taarifa zilezile kabisa na bado vikatofautiana kwa kazi anayoachiwa msomaji. Korosho za mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, huuzwa kupitia vyama vikuu vya ushirika, yaani TANECU wa Tandahimba na Newala, MAMCU wa Masasi na Mtwara, RUNALI wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, pamoja na Lindi Mwambao. Tuseme nimeandika bei ya juu ya kila chama katika mnada wa kwanza, kisha nikarudia hivyo hadi mnada wa tano. Hizo ni bei 20 ndani ya aya moja. Anayetaka kujua kama bei inapanda au inashuka atalazimika kuzipekua sentensi moja baada ya nyingine, huku ameshika namba moja kichwani na anaisaka ya pili, na akikatizwa na salamu ya mpita njia itabidi aanze upya. Ziweke bei hizo kwenye mistari minne, na jicho litakuwa limemaliza kazi kabla mdomo haujamaliza kutamka jina la chama cha kwanza. Hakuna taarifa iliyoongezwa. Kilichopungua ni gharama ya kuitafuta.

Yapo hata mambo ambayo namba huyaficha mpaka zichorwe. Mwaka 1973 Francis Anscombe, mwanatakwimu mzaliwa wa Uingereza, alitunga mafungu manne ya data, kila fungu likiwa na jozi 11 za namba. Wastani wa mafungu hayo ni uleule, mtawanyiko ni uleule, na hata mstari wa uhusiano unaopatikana kwa hesabu ni uleule. Ukisoma muhtasari wa namba peke yake utaapa kwamba ni fungu moja lililonakiliwa mara nne. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zilizotawanyika kuufuata mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na la nne ni nukta zilizopangana wima mahali pamoja, isipokuwa moja iliyosimama mbali peke yake. Mkulima anaweza kupotezwa vivyo hivyo na sentensi ya kweli kama hii: "wastani wa bei msimu huu ni sawa na wa msimu uliopita." Huenda msimu uliopita bei ilitulia tangu mwanzo hadi mwisho, na msimu huu ilianza juu ikaporomoka baadaye, na aliyechelewa kufikisha mzigo ghalani hakuuonja ule wastani hata siku moja.

Kwa hiyo pale swali linapokuwa "imekwendaje", "iko wapi", au "hiki kina sura gani", picha inastahili kutangulia. Lakini si kila picha. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yao kuhusu namna watu wanavyokadiria viwango kutokana na michoro, na ilionekana kwamba jicho hukadiria vizuri zaidi pale vitu vinapopangwa kwenye kipimo kimoja cha pamoja. Hukosea zaidi likiambiwa lilinganishe pembe, na zaidi tena likiambiwa lilinganishe maeneo au ukolezo wa rangi. Ndiyo maana chati duara, ile iliyokatwa vipande kama chapati, hupendeza kwenye bango na husaidia kidogo sana pale vipande viwili vinapokaribiana. Ile michoro ya magunia, gunia kubwa kwa msimu mzuri na dogo kwa msimu mbaya, ni mibaya zaidi, kwa sababu mchoraji akiliongeza gunia urefu mara mbili, upana nao huongezeka mara mbili, na jicho linaona gunia la mara nne.

Kosa la mhimili, yaani ule mstari wa vipimo ulio ubavuni mwa chati, nalitaja kwa uchungu kidogo kwa kuwa lilituletea zogo. Chati moja ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la aliyeitengeneza, ikionyesha nguzo mbili za bei, ya pili ikiwa fupi mno kando ya ya kwanza. Watu walikuja ghalani wakidai kwamba bei imeporomoka na wao wamefichwa. Sitarudia namba zake, nitatumia za mfano ili hesabu ionekane. Tuseme bei ya mnada mmoja ni shilingi 3,120 kwa kilo na ya mnada unaofuata ni 3,040. Tofauti ni shilingi 80, yaani chini ya asilimia 3. Mchoraji akiuanzisha mhimili kwenye 3,000 badala ya sifuri, nguzo ya kwanza itakuwa na kimo cha 120 na ya pili kimo cha 40, na mtazamaji ataona bei iliyobaki theluthi moja. Namba zote mbili ni sahihi na zimeandikwa juu ya nguzo, lakini nani anasoma namba wakati jicho limeshapiga kelele? Huku kwetu tunalo neno kangomba, linalotaja ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa kipimo kisicho cha mizani na kwa bei ya kumnyonga mwenye shida. Chati ile ilikuwa kangomba ya aina yake: kipimo kilikuwepo, ila kitako chake kilikuwa kimekatwa.

Naandika haya si kwa lengo la kuwatia watu hofu na chati. Chati ikiwa na mhimili unaoeleweka, kipimo kilichotajwa na tarehe iliyo ndani ya picha yenyewe, inaaminika kama sentensi yoyote. Udhaifu wake mkubwa uko kwingine, na sijauona ukitajwa mara nyingi: picha haina kikanushi. Lugha yetu inaweza kusema "si", "bado", "huenda", "kama", "mpaka" na "isipokuwa", na ndani ya maneno hayo madogo ndimo haki na wajibu wa watu vinamokaa. Picha huonyesha kilichopo. Ikitaka kusema kwamba kitu hakipo, au kipo kwa sharti, inabidi iazime maneno au ichore alama nyekundu ya kukata, ambayo nayo ni neno lililovaa rangi.

Mfano unaojulikana sana wa picha iliyofupisha jambo kubwa ni ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow. Mwaka 1854 ugonjwa huo ulipoua watu wengi katika mtaa wa Soho jijini London, Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani, na alama zikaonekana zimerundikana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ramani hiyo husifiwa kana kwamba ilimaliza hoja peke yake. Haikumaliza. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha bia ambacho wafanyakazi wake zaidi ya 70 hawakufa, na ilibidi ielezwe kwa maneno kwamba walikuwa wakinywa bia na walikuwa na kisima chao. Mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali kabisa na mtaa huo, alikufa kwa kipindupindu, na ilibidi ielezwe kwa maneno kwamba alipenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa chupa yake. Kwenye ramani, kiwanda ni mahali pasipo na alama, na mjane hayupo kabisa. Hizo "isipokuwa" mbili ndizo zilizoipa nguvu hoja ya kwamba tatizo liko majini, na zote mbili zilikaa kwenye maandishi.

Hata sanaa ya nyumbani inathibitisha hilo, kama msomaji ataniruhusu kuchepuka kidogo. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, kile chenye watu waliobebana na kushikamana kwenye gogo moja la mpingo, ni muhtasari wa picha usio na mfano wake: kwa kukitazama mara moja unajua kwamba ukoo huishi kwa kuegemeana. Lakini ukikiuliza ni nani babu wa nani, nani amehamia kutoka Newala, na shamba la mikorosho la ng'ambo ya bonde linarithiwa na nani, kinyago kitanyamaza, na itabidi mtu mzima akae chini asimulie.

Mahali ambapo ukimya huo wa picha unaweza kuwa na gharama kubwa ni kwenye taarifa za vimbunga. Aprili 2019 mikoa ya Mtwara na Lindi ilipewa tahadhari ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia nchi kavu tarehe 25 mwezi huo katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kila kimbunga kinapokaribia pwani yetu, ramani huanza kusambaa kwenye simu, nyingi zikiwa na mstari katikati na umbo linalopanuka kama mdomo wa tarumbeta. Ni rahisi kuusoma mstari kama njia na umbo kama ukubwa wa kimbunga, na usomaji wote huo ni wa makosa. Umbo hilo, kwa jinsi linavyotumiwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, linaonyesha eneo ambamo kitovu cha kimbunga huenda kikapita, na limepimwa kiasi kwamba kitovu hubaki ndani yake takribani mara mbili katika kila mara tatu. Halisemi lolote kuhusu upepo na mvua vitafika umbali gani. Agosti 2004 huko Florida, mstari wa katikati wa Kimbunga Charley ulielekea Tampa, na macho ya wengi yakabaki huko. Kimbunga kikakata kona mapema na kutua karibu na Punta Gorda, mahali ambapo palikuwa ndani ya eneo la tahadhari muda wote.

Sasa fikiria mtu wa Msimbati, kijiji cha pwani mkoani Mtwara, anaiona ramani ambayo mstari wake unapita kusini mwa Mto Ruvuma. Picha inamwambia kwamba kimbunga ni cha wenzetu wa ng'ambo. Anachohitaji ni sentensi moja: mstari unaweza kuhama, na upepo na mawimbi vinaweza kufika huku hata usipohama. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia rangi pamoja na maneno, njano ikiwa angalizo, rangi ya machungwa ikiwa tahadhari na nyekundu ikiwa tahadhari kubwa, na chini ya ramani huandika athari zinazoweza kutokea. Kwa maoni yangu, sehemu hiyo ya chini ndiyo muhtasari hasa, na ndiyo ambayo watu huikata wanapopiga picha ya skrini. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoteza nguvu kilipofika maeneo ya Mafia, na ambaye alifuatilia ramani ya njia yake peke yake angeweza kulala usingizi. Lakini mvua iliyoambatana nacho iliharibu barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na abiria na malori vikakwama. Ramani ya njia ya kimbunga haina mahali pa kuchora daraja litakalosombwa.

Kuna upande wa pili ambako maneno ndiyo yanayoshindwa. Mwandishi anaweza kueleza ubwiriunga kwa usahihi wote: kwamba ni ugonjwa wa ukungu, kwamba hushambulia majani machanga na maua ya mkorosho, kwamba huacha unga wa rangi nyeupe inayoelekea kijivu. Mkulima mgeni akisoma hivyo atakwenda shambani akakuta vumbi la barabara kwenye majani, akanunua salfa. Au atakuta machipukizi yenye madoa meusi yaliyofyonzwa na mbu wa mikorosho, akadhani ni ugonjwa uleule umekomaa. Picha mbili zilizowekwa ubavuni, moja ya ua lenye ubwiriunga na nyingine ya chipukizi lililofyonzwa, hufanya kazi ambayo kurasa mbili za maelezo haziwezi, kwa sababu kutambua sura ni kazi ya jicho tangu hapo. Lakini picha ileile haisemi salfa ipulizwe lini, kiasi gani kwa mti, baada ya siku ngapi irudiwe, na kwa nini isipulizwe wakati wa upepo mkali. Nimeona wenzangu wakitafuta mchoro mmoja utakaosema yote hayo kwa alama za saa, mshale na jua, na matokeo yake ni fumbo. Picha itambulishe ugonjwa, maneno yaagize dawa.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba muhtasari hutengenezwa na mtu. Siku hizi wengi wetu tunaikabidhi kazi hiyo mashine, na hapo tatizo la vikanushi linarudi kwa mlango wa nyuma. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuchagua sentensi muhimu za makala kwa kuhesabu maneno yanayojirudia. Njia hiyo ni ya kuchopoa. Sentensi zinabaki kama zilivyoandikwa, ila zinaweza kukosa mtiririko. Programu za sasa za akili bandia mara nyingi hufanya jambo jingine, yaani huandika upya kwa maneno yao. Matokeo yake husomeka vizuri mno, na usomekaji huo ndio mtego, kwa sababu muhtasari wa kuchopoa ukiwa mbovu utauona ubovu wake, lakini ulioandikwa upya unaweza kuwa umepotosha jambo kwa sentensi laini isiyo na kasoro ya sarufi.

Chukua mfano wa tangazo la kubuni linalosema: "Pembejeo za ruzuku zitatolewa kwa wakulima waliohakiki taarifa zao, ambaye hajahakiki hatapewa mpaka atakapokamilisha uhakiki kwa mtendaji wa kijiji." Muhtasari mmoja unaweza kusema: "Wakulima watapewa pembejeo za ruzuku baada ya uhakiki." Huo ni mfupi na ni wa kweli, ingawa umelifuta jina la mtu wa kumwendea. Muhtasari mwingine unaweza kusema: "Wakulima watapewa pembejeo za ruzuku." Huo nao haujatamka uongo wowote, lakini utawajaza watu mlangoni pa ghala na kuwarudisha mikono mitupu. Nikipokea muhtasari wa mashine, jambo la kwanza ninalofanya ni kurudi kwenye andiko lenyewe na kuhesabu maneno ya masharti: kila "kama", kila "mpaka", kila "isipokuwa" na kila kitenzi kilichokanushwa. Kisha nayatafuta kwenye muhtasari. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Picha inayotengenezwa na mashine naiamini kidogo zaidi, hasa ramani na michoro yenye herufi ndani yake, kwa kuwa maandishi yake huweza kuharibika na mipaka ikahama bila mtu kugutuka.

Yapo pia mambo ya mfukoni, ambayo wataalamu wa mijini hawayatilii maanani. Muhtasari wa herufi 600 una uzito wa takribani baiti 600 tu. Picha ya kilobaiti 150, ambayo ni picha ya kawaida kabisa kwenye simu, ina uzito wa herufi 150,000, yaani karibu kijitabu kizima. Kwa mwenye bando la siku na mtandao unaopatikana kwa kupanda kichuguu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama muhtasari utafunguka au utabaki ukizunguka. Maandishi yanaweza pia kutafutwa: wiki tatu baadaye mtu akiandika neno "makato" kwenye kisanduku cha kutafutia cha kundi, ujumbe utajitokeza, ilhali picha itabidi aivue kati ya mamia ya picha za harusi. Kwa upande mwingine, maandishi ni mepesi kuchezewa, kwani yeyote anaweza kubadilisha tarakimu moja kabla ya kusambaza. Picha huonekana imara zaidi na yenye mamlaka, hasa ikiwa na nembo, ingawa uimara huo nao ni wa kuonekana tu.

Wenye simu za kitochi nao hawana picha kabisa, wana ujumbe mfupi wenye nafasi ya herufi 160. Hapa Kiswahili kimetubeba, kwa sababu herufi zetu zote zimo kwenye seti ya kawaida ya ujumbe huo. Ipo hitilafu moja ambayo ilinichukua muda kuigundua. Ukiandika "ng'ombe" au "ng'ambo" kwa ile alama iliyonyooka, ujumbe unabaki na nafasi zake 160; lakini simu au kompyuta ikiigeuza alama hiyo kuwa iliyopinda, ujumbe wote hubadilishwa mfumo wa herufi na nafasi zinashuka hadi 70. Alama moja iliyojikunja inaweza kukufanya ulipie jumbe mbili au tatu badala ya moja. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeilaumu kampuni ya simu kwa msimu mzima.

Rangi nayo ina gharama yake. Mjini Mtwara stesheneri hukuchapia karatasi ya rangi, lakini nakala zinazokwenda vijijini hutolewa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, na hapo rangi ya machungwa na nyekundu huwa kijivu kimoja. Ramani iliyotofautisha tahadhari na tahadhari kubwa kwa rangi pekee inakuwa haina tena la kusema. Zaidi ya hayo, wapo wanaume ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni takribani mwanaume 1 kati ya 12, na kwa Waafrika ni wachache zaidi lakini wapo. Kila rangi ikiandikwa jina lake ndani yake, tatizo lote hilo linaisha kwa wino wa senti chache.

Hoja inayonielemeza zaidi upande wa maandishi ni kwamba maandishi yanaweza kusomwa kwa sauti. Kijijini muhtasari haumfikii mtu mmoja mmoja. Unasomwa na mjukuu barazani na kusikilizwa na bibi anayechambua mboga, na bibi anauliza, na mjukuu anarudia mstari. Programu za kuwasomea wasioona nazo hufanya kazi hiyohiyo, mradi pawe na maneno ya kusoma. Chati haisomeki kwa sauti. Mjukuu atasema "mstari unapanda halafu unashuka", na bibi atauliza "kutoka ngapi hadi ngapi?", na ikiwa chati haina namba, mazungumzo yamekwisha hapo. Kwa sababu hiyo, picha yoyote ninayoisambaza huiandikia chini sentensi mbili au tatu zinazoweza kusimama zenyewe hata picha isipofunguka: inaonyesha nini, kwa kipimo gani, ya tarehe gani, na ni jambo gani haionyeshi.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu linamtaka mfupishaji akiri kasoro ya kazi yake mbele ya watu. Kwa upande wa bei za mnada, jambo lisiloonekana kwenye chati ni makato. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na bei hufika kwenye simu zetu muda mfupi baada ya mnada. Lakini bei ya mnadani haiingii yote mkononi mwa mkulima. Hutolewa kwanza ushuru, gharama za ghala, za usafirishaji na za ushirika. Nguzo ya bei ikichorwa bila neno lolote kuhusu hilo, mtu huipigia hesabu ya bati na ada ya shule, kisha hukuta benki kiasi kingine, na katibu wa chama huitwa mwizi kwa kosa ambalo ni la mchoraji.

Wiki iliyofuata ile ya kidole kirefu, nilianza na ujumbe mfupi kwanza, nikijilazimisha kuingiza kila sharti ndani ya herufi 160, ndipo nikaamua ni kipi kinahitaji kuchorwa. Nauweka hapa, bei zikiwa nimezibadilisha kwa ajili ya mfano: "Mnada wa 3: juu 3085, chini 3010 kwa kilo, kabla ya makato. Mnada wa 4 ni Ijumaa. Ghala linapokea kila siku isipokuwa Jumapili. Mzigo mbichi utarudishwa." Ni herufi 153, nafasi na vituo vikiwemo. Kati ya yote yaliyomo, ni bei peke yake iliyokuwa na haja ya picha, kwa sababu ni yenyewe tu iliyokuwa imebadilika tangu mnada wa kwanza na watu walitaka kuona mwendo wake. Nikachora mstari mmoja wenye nukta tatu, namba ikiwa pembeni ya kila nukta na maneno "shilingi kwa kilo" yakiwa yamesimama wima ubavuni, kisha chini yake nikauandika ule ujumbe kwa herufi kubwa.

Yule mzee alifika asubuhi na mjukuu wake. Aliufuata mstari kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, hadi kwenye nukta ya mwisho, akakiacha kidole hapo kwa muda. "Hapa nimeona," alimwambia mtoto. "Sasa nisomee hapo chini, uanzie kwenye makato."